Kadi Haifutwi

Seli ya kwanza niliyoiona maishani ilikuwa na mkia. Nilikuwa na miaka minane, nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye veranda ya nyumba yetu Subukia, na jicho moja nilikuwa nimelifunika kwa kiganja kwa sababu lilikataa kufumba lenyewe. Chini ya hadubini ya baba kulikuwa na tone la mbegu za dume la Friesian, na ndani ya tone hilo vitu vidogo visivyohesabika vilikuwa vinakimbizana kama watoto waliotolewa darasani.

"Zenye zinakimbia ziko hai," baba aliniambia. "Zenye zimelala zimekufa. Ukiona zilizolala ni nyingi, hiyo straw unatupa. Hudungi ng'ombe ya mtu kitu imekufa."

Baba ni fundi wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, ile straw ya mbegu. Wakulima wanamwita daktari, naye hajawahi kukubali jina hilo wala kulikataa. Huamka akipigiwa simu kwamba ng'ombe fulani yuko heat, yaani anataka dume, anafunga tangi lake nyuma ya pikipiki, na kabla jua halijawa kali ameshashuka bonde na kupanda. Tangi hilo lina nitrojeni, maji yenye baridi isiyo na mfano wake hata kule Mau Narok asubuhi ya Julai, na ndani yake mbegu hulala miaka na miaka bila kufa. Akifungua kifuniko, moshi mweupe hutoka na kumwagika chini polepole. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba baba anafuga wingu.

Kila ng'ombe ana kadi. Kadi zinakaa ndani ya kopo la biskuti, na kila moja ina sehemu ya tarehe, ya mbegu, ya matokeo na ya sababu. Ng'ombe asiposhika mimba, baba huandika kwenye sababu bila kujipendelea: kosa la ng'ombe, kosa la mbegu, au kosa la fundi. Na kadi haifutwi. Ukikosea unaandika chini yake, unaweka tarehe, basi. Niliwahi kuchukua kifutio nikamsaidia kusafisha kadi moja iliyokuwa na maandishi mabaya. Hakunichapa, lakini alinyamaza siku nzima, na mimi ningependelea fimbo.

Ndivyo nilivyopata kuwa mwalimu wa bayolojia. Nafundisha shule ya kutwa mjini Nakuru, upande wa chini wa Milimani, na kwa miaka mingi nimewachorea wanafunzi seli ubaoni kwa chaki: ukuta, kiini, yote. Hadubini yetu ya shule iliota ukungu kwenye kioo, kwa hiyo kila mwaka wakati wa somo la seli hupanda Subukia kuazima ya baba. Wanafunzi wanapasua kitunguu, wanatazama, na siku hiyo hata wale wakorofi hunyamaza.

Mwaka juzi baba alianza kunywa maji kupita kiasi. Alikunywa jagi, akaenda chooni, akarudi kwenye jagi. Suruali zikaanza kumvuka, akatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari. Alijipima jinsi anavyompima ng'ombe: joto la mwili, rangi ya macho, hamu ya chakula. Hamu ya chakula ilikuwa nzuri sana, kwa hiyo akajipa cheti cha afya na kuendelea na kazi. Mama ndiye aliyenipigia simu. Nilimleta Nakuru kliniki karibu kwa kumburuta, na huko wakasema ni kisukari, tena kimekaa, na vidonge peke yake havitatosha. Adungwe insulini asubuhi na jioni.

Sasa hapa nataka kusema jambo lenyewe lilivyokuwa, bila kujipaka mafuta. Sista wa kliniki alituketisha ili amweleze baba namna ya kutumia dawa. Alikuwa amechoka, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akaanza, "Mzee, hii dawa haitaki joto, na pia haitaki..." Nikamkatiza. Nikamwambia, "Sister, usijali. Mimi ni mwalimu wa biology. Nitamweleza nyumbani." Akashukuru, akaita mwingine. Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi niliitia mkobani mwangu.

Nyumbani nilimweleza, na nilijivunia maelezo yangu. Tulikaa mezani, mama akisikiliza akiwa anamenya viazi. Nilimwambia baba awazie maziwa ya asubuhi. Wakulima wote wameyafikisha barabarani, mikebe imejaa, lakini geti la chama cha maziwa limefungwa. Maziwa yanakaa juani yanaganda, na huku ndani mashine zinakaa bure na watu wa mjini wanalala njaa. Damu yako ndiyo barabara, nikamwambia. Sukari imejaa huko, inaharibu kila inachogusa: macho, figo, miguu. Na seli zako ziko ndani na njaa. Insulini ndiye yule askari wa kufungua geti. Zamani kongosho lako lilikuwa linamleta. Sasa limechoka, tunamleta kwa sindano.

Baba alitikisa kichwa taratibu. Kongosho alilijua, ameshapasua ng'ombe wengi waliokufa. "Na hii dawa iko hai?" akauliza.

"Si hai kama mbegu. Ni protini. Lakini joto linaiharibu. Iweke kwa baridi, Baba, vile unaweka mbegu zako."

"Baridi kiasi gani?"

Nilikuwa tayari nimefungua rundo la madaftari ya kusahihisha. "Baridi, Baba. Baridi ni baridi."

Hayo maneno nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Mtu ambaye amefanya kazi kwa kipimajoto maisha yake yote, asiyeyeyusha mbegu bila kutazama saa, aliniuliza digrii, nami nikampa jibu la mtu mvivu. Tena nilikuwa na hakika. Darasani huwa nasema joto linavunja protini lakini baridi inazilaza tu, zikipata vuguvugu zinaamka. Wanafunzi hupata alama kwa kuandika hivyo.

Tangu hapo baba hakushindana na sindano. Alijidunga mwenyewe, mkono wake ukiwa mwepesi kwa kazi hiyo. Lakini sukari haikushuka. Kila mwisho wa mwezi nilipompeleka kliniki kipimo kilikuwa juu, wanaongeza kiasi cha dawa, na mwezi ukiisha kipimo kiko pale pale. Nilimwuliza anakula nini. Nilimwuliza mama anampikia nini. Nilifungua kabati nikaficha sukari, nikakuta asali nikaificha pia, nikawa afisa wa upelelezi katika nyumba niliyozaliwa. Mama alisema, "Anakunywa chai bila sukari, nimeona na macho yangu." Sikumwamini yeye pia. Nilidhani wameungana.

Kisha ikaja punje ya mahindi. Iliingia ndani ya gambuti lake asubuhi akiwa kwenye boma la mkulima, akaikanyaga mchana kutwa, akapiga pikipiki kiki na kupanda vilima nayo, na hakusikia chochote. Neva za vidole vya miguu huwa za kwanza kufa kwa ugonjwa huu, kwa kuwa ziko mwisho wa njia. Jioni mama alimvua soksi akakuta kidole cha pili kimechimbika na punje imo ndani.

Wiki zikapita, kidonda kikakataa. Daktari alikitazama, akasema waziwazi mbele yetu: sukari ishuke ndani ya wiki mbili, la sivyo kidonda kitapanda, na wakikata hawatakata kidole, watakata mguu. Tulipotoka baba alisimama kando ya lango, akatazama kiatu chake.

"Fundi wa mguu mmoja atasimama aje nyuma ya ng'ombe?" aliuliza. Hakuwa ananiuliza mimi. Niliogopa, na uoga wangu una tabia mbaya, hutoka mdomoni ukiwa umevaa nguo za hasira.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilimkuta ameketi sebuleni, mguu umewekwa juu ya kigoda. Kipimo cha asubuhi kilikuwa ishirini na mbili, zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa. Nilisimama mbele yake jinsi ninavyosimama mbele ya mwanafunzi aliyenakili kazi.

"Baba, wacha kunidanganya. Hudungi."

"Nadunga, mami." Huniita mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Unadunga wapi? Godoro?"

Mama aliacha kijiko ndani ya kikombe. Baba alisimama kwa taabu, akachukua kofia yake na kwenda kwa ng'ombe akichechemea. Niliona mgongo wake mlangoni na nikajua nimevuka mpaka, lakini sikumfuata. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Umemwita mwongo kwa nyumba yake." Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka bila chai.

Jumamosi ilipofika ningetoroka kama ningeweza. Lakini somo la seli lilikuwa Jumatatu na wanafunzi walikuwa wameshaambiwa walete vitunguu. Pia nilikuwa nimemchukulia dawa ya mwezi mpya pale kliniki. Niliipakia ndani ya themosi yenye maji ya baridi, nikaizungushia kitambaa, nikapanda Subukia. Ona basi. Mimi mwenyewe nilijua kuibeba.

Nilimkuta kwenye veranda, mezani pale pale nilipoiona ile seli yenye mkia. Hakukasirika, au hakuonyesha. Tulisalimiana, akaniuliza barabara iko aje. Hadubini ilikuwa tayari ndani ya kasha lake, ameipangusa. Halafu akatazama saa yake ya mkononi, akasema, "Ngoja nidunge kwanza, nimechelewa. Kaa hapo uone, ndio ujue."

Akaingia stoo. Akarudi na kikombe cha maji ya moto na kipimajoto, akachanganya maji ya baridi kidogo kidogo mpaka kipimo kikamridhisha. Akavaa glavu zake nzito. Akalivuta tangi karibu na kiti, akafungua kifuniko, wingu likamwagika miguuni petu. Ndani ya shingo ya tangi kulikuwa na uzi wa gunia uliofungwa kwenye mshikio. Akauvuta taratibu, na mwisho wa uzi, ndani ya soksi ya mtoto, ikatoka chupa ya insulini, ngumu kama jiwe.

Nilikuwa natazama mikono yake. Akaitumbukiza chupa ndani ya maji ya vuguvugu, akashika saa, midomo ikihesabu.

"Ya kwanza ilipasuka," akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwanafunzi wa kazi. "Niliiteremsha haraka. Sasa naiweka juu juu, kwa shingo, na polepole. Hii baridi ndio imeweka mbegu ya dume lenye lilikufa kitambo. Nikasema kama inaweka hiyo, dawa yangu itakaa poa."

Asubuhi na jioni. Miezi yote hiyo. Kila asubuhi na kila jioni alikuwa ameiamsha ile dawa kwa uangalifu ambao sijawahi kumfanyia mtu yeyote, akaidunga ikiwa imeshaharibika, akairudisha kwenye baridi iliyoiharibu. Na mimi nilikuwa nahesabu vijiko vya sukari kabatini.

"Baba, usidunge," nikasema. "Usidunge hiyo."

Alinitazama. Nilichukua mkoba, nikaupindua mezani: risiti, chaki, kalamu, na pale chini, imekunjwa vilevile kama siku ya kwanza, ile karatasi ya maelezo. Ilikuwa imeandikwa hapo kwa herufi nyeusi kwamba dawa isigandishwe, na ikiganda itupwe. Nilimsomea kwa Kiswahili. Hakuipokea. Baba hajawahi kuamini karatasi ambayo hakuijaza mwenyewe.

Akafungua kasha la hadubini.

Akageuza kioo kidogo mpaka kikalipata jua. Akaweka tone la dawa aliyoiyeyusha juu ya kigae kimoja cha kioo, na tone la ile niliyotoka nayo mjini juu ya kingine. Akatazama ya mjini kwanza, kisha akanipisha. Vijiti vyembamba vya dawa vilikuwa vimetawanyika sawasawa, safi. Akabadilisha kigae, akainama. Alikaa hapo muda mrefu, mpaka nikasikia ng'ombe akijikuna kwenye ukuta wa boma. Nilipotazama, vijiti vilikuwa vimevunjika na kushikana mabonge mabonge, kama uji uliopikwa na mtu asiye na haraka ya kukoroga.

"Hii imekufa," baba akasema. "Hii hata ng'ombe singemdunga."

Nilipiga magoti kando ya kiti chake. Nikasema, "Uliniuliza baridi kiasi gani." Nikalia, na sikulia kwa ustaarabu. Aliweka mkono kichwani pangu, bado umevaa glavu, ubaridi ukapenya nywele mpaka kwenye ngozi.

"Ungeniuliza tu naweka wapi, mami," akasema. "Ningekuonyesha."

Tulirudi kliniki siku ile ile. Sista alikuwa yule yule. Alisikiliza habari ya tangi akiwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, kisha akatuonya kwamba sasa dawa ni nzima, kwa hiyo baba asithubutu kudunga kile kiasi kikubwa walichokuwa wamekipandisha, kingeishusha sukari ghafla na kumwangusha. Wakaanza upya na kidogo. Safari hii alimweleza baba mwenyewe, digrii kwa digrii, nami nilikaa kimya kwenye benchi, mikono mapajani. Kwa kuwa nyumbani hakuna friji, mama alitoa chungu chake cha maji kiwe cha kuhifadhia dawa, akakiweka ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, chini ya dirisha la jikoni. Baba alikitilia kipimajoto siku tatu mfululizo kabla ya kukiamini.

Sukari ilishuka. Kidole hakikuwahi kupona, kilikatwa, lakini kilikatwa peke yake. Mguu ulibaki, na kifundo, na unyayo wa kupigia kiki. Daktari aliporudisha bandeji alisema kwamba tungechelewa wiki moja zaidi angetuambia mengine.

Siku nilipompeleka nyumbani akiwa ametoka hospitali aliniomba nimletee kopo la biskuti, kwa kuwa mkulima mmoja alikuwa amepiga simu kuhusu ng'ombe wake. Nilipokuwa napekua nikakutana na kadi isiyo na namba ya ng'ombe. Mahali pa jina palikuwa pameandikwa Mwenyewe. Niliigeuza. Ilikuwa imejaa pande zote, na nyingine ilikuwa imebanwa nyuma yake, na nyingine. Kila asubuhi na kila jioni, tarehe, kiasi, joto la maji ya kuyeyushia. Hakuruka hata siku moja. Hata ile Jumapili niliyomwuliza kama anadunga godoro ilikuwepo, asubuhi na jioni, kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Kwenye matokeo alikuwa ameandika bado, bado, bado, ukurasa mzima hadi mwingine. Kwenye sababu hakuwa ameandika kitu miezi yote. Mstari wa mwisho tu, wa ile Jumamosi, ndio uliokuwa na neno: Kosa la fundi.

Hakuwa amenitaja popote.

Nilichukua kalamu koponi. Alikuwa ameketi kitandani, mguu umeinuliwa, ananitazama. "Usiharibu kadi yangu," akasema.

"Sifuti," nikamwambia. Nikaandika chini ya mstari wake: Mwalimu hakusikiliza sista, hakusoma karatasi, hakuuliza dawa inawekwa wapi. Akamwita mkweli mwongo. Nikampa.

Aliishika mbali na macho, ambayo nayo yamepungua nguvu, akasoma polepole mpaka mwisho. Nilingoja anisamehe au anikaripie, nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Akanirudishia.

"Hujaweka tarehe," akasema.

Nikaweka.